Mchumba wa Nukta Tk

Siku ile meli itokayo bandari ya Apia ilipotia nanga nje ya mwamba, Akenehe alikwenda gatini kupokea magunia yake ya mchele. Alirudi nyumbani na mchele, na Mzungu juu yake.

Hakumtaka. Hakuna aliyemtaka, kusema kweli. Mashua ya mizigo ilipopenya kwenye mlango wa mwamba, watu wote waliokuwa ufukoni walimwona mtu mrefu amesimama katikati ya mapipa ya dizeli, kavaa suti ya kijivu, na juu ya kichwa ameinua kitu kirefu ndani ya mfuko wa nailoni, kama mtu anayemvusha mgonjwa mtoni. Wimbi likaja likamlowesha mpaka kifuani. Mfuko haukupata hata tone. Baadaye tukaja kujua kwamba ndani mlikuwa na gauni la harusi.

Jina lake Joris, kwao Ubelgiji, na kazi yake alikuwa mkaguzi wa lifti. Kisiwa chetu, ukisimama pale palipoinuka kuliko pote, bado unaweza kuongea na mtu aliye majini bila kupaza sauti. Alikuwa mkaguzi wa lifti wa kwanza kutufikia tangu dunia iumbwe, na tulimpokea kwa heshima inayomstahili mtu wa namna hiyo, yaani tulimkodolea macho.

"Namtafuta Sina," akasema kwa Kiingereza cha kitabuni. "Mchumba wangu. Anajua kwamba ninakuja."

Mswahili angelisikia jina hilo tu angeligeuza akarudi melini. Lakini Joris alikuwa Mbelgiji, akabaki amesimama, maji yakimchuruzika viatuni, anatabasamu.

Sasa, mgeni haingii kwetu kama mbu. Tokelau ni visiwa vitatu, na yeyote anayetaka kufika kimojawapo lazima aombe ruhusa, na ombi lisomwe mbele ya baraza la wazee wa kijiji husika. (Kijiji husika sikitaji. Visiwa vile viwili vingine vimeshatucheka vya kutosha.) Joris alikuwa ameomba miezi kadhaa nyuma. Pale penye sababu ya safari alikuwa ameandika: kumwoa Bi Sina Moana. Ombi lilisomwa barazani kwa sauti, na kila mzee akalisikia. Hakopo, kaka yake Akenehe, alijua mara moja kwamba huyo Sina ni binti wa ukoo wa Tinielu, mmoja wa wale waliokwenda kusoma New Zealand wakarudi na mambo. Tinielu naye alijua mara moja kwamba ni mpwa wa Hakopo, na akaona si adabu kumwaibisha mwenzake mbele ya watu. Mkuu wa kijiji, Lino, alisubiri mtu aulize, na kwa kuwa hakuna aliyeuliza akahitimisha kwamba wote wanajua, na si vizuri kiongozi aonekane wa mwisho kujua. Ruhusa ikatolewa kwa kauli moja, kama yanavyopita mambo yote ambayo hakuna aliyeyaelewa.

Kwa hiyo pale gatini Lino alitazama kulia, akatazama kushoto, akatafuta ukoo wa kumkabidhi bwana harusi. Hakopo alikuwa anakagua mawingu. Tinielu alikuwa ameinamia kamba ya kiatu, naye amevaa kandambili. Akenehe ndiye aliyefanya kosa la kusimama tu.

"Akenehe, mgeni wako huyu," Lino akasema.

"Wangu tangu lini?"

"Tangu sasa. Una chumba."

Ni kweli alikuwa na chumba, cha mwanawe aliyehamia Wellington. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya wanawake, mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono ya kukuna nazi na ulimi wa kukuna watu. Wenye chuki walisema mumewe marehemu alikufa kwa kujibiwa. Nyumbani waliishi wanne: yeye, binti yake Telehia, mkwewe Petelo, na mjukuu wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Basi mgeni njoo, mwenyeji apone, kama wasemavyo wale wasiopata wageni.

Walipomaliza kumlisha, Joris alitoa picha kifuani, ndani ya plastiki, kavu. Msichana mzuri, ua jekundu sikioni, meno kama ya tangazo. Nyuma yake mlima wa kijani, na kutoka mlimani yanamwagika maporomoko ya maji.

Akenehe aliitazama kwa muda. "Hapa ni wapi?"

"Ni hapa," Joris akasema. "Nyuma ya nyumba yao."

Petelo alishikwa na kikohozi, akatoka nje kukikohoa, na kikohozi hicho kilisikika mpaka kanisani.

Akenehe akamuuliza mgeni, kwa upole ambao bintiye hakuwahi kuusikia kabla, amejuaje kwamba msichana huyu ni wa hapa. Joris alifurahi kuulizwa. Akaeleza kwamba yeye si mjinga, habari za matapeli wa mtandaoni anazisoma, na kwa hiyo alichunguza kila kitu kama anavyochunguza nyaya za lifti. Barua za Sina zilitoka kwenye tovuti ya Sina mwenyewe, na anwani ya tovuti hiyo iliishia nukta tk. Alikwenda akatafuta tk ni nini. Tk ni Tokelau. Mtu anaweza kudanganya jina na umri, akasema, lakini nchi haiwezi kudanganya.

Hapo ndipo Akenehe alipoelewa.

Habari ya herufi zile tulikuwa tunaijua, kwa namna mtu anavyojua habari ya shamba lake ambalo hajawahi kulilima. Kila nchi ilipewa herufi zake mbili za kuwa mkia wa majina mtandaoni, na mkia huo ndio wanaouita kikoa. Sisi tulipata tk. Tulikuwa wachache, na katika uchache wetu hakuna aliyekuwa na jambo la haraka la kuutangazia ulimwengu, basi herufi zikaazimwa na watu wa ng'ambo, nao wakawa wanazigawa bure kwa yeyote anyooshaye mkono. Cha bure hakihitaji mpiga debe. Haikupita miaka mingi majina yenye mkia wetu yakawa mengi kuliko ya nchi zenye majeshi na reli, wakati sisi wenyewe, tuhesabiwe pamoja na nguruwe, hatujazi uwanja wa mpira. Miongoni mwa waliochukua walikuwamo watu wema na wanafunzi wa shule. Walikuwamo pia wauza viatu visivyo na soli, matabibu wasio na vyeti, na wachumba wasio na sura. Faida kidogo ilirudi nyumbani, hatukunung'unika, na mtandao tukawa nao shuleni, ili tusikose kuona yanayofanywa kwa jina letu.

Asubuhi Akenehe alikwenda kwa kaka yake Hakopo. Akamwambia kwamba baraza ndilo lililotoa ruhusa, basi baraza ndilo limwambie yule mgeni ukweli. Hakopo akasema jambo zito kama hilo linataka utafiti.

Utafiti ukafanyika, mpaka adhuhuri. Wazee wakapitia koo zote, walio hai na walio Wellington, walio Sydney na walio makaburini, na mwisho wakathibitisha kile ambacho kila mama aliyekuwa anapita nje na ndoo angeweza kuwaambia: kisiwani yumo Sina mmoja tu, naye ni Bibi Sina, mwenye umri uliokwishapita themanini na jicho moja lenye ukungu. Wakati baraza linajadili lifanye nini na ugunduzi huo, habari ilikwishamfikia bibi mwenyewe, naye akatuma neno. Alitaka kujua kwa nini mchumba wake yuko kisiwani siku ya pili na hajaletwa kumsalimia.

Ikabidi apelekwe, maana Bibi Sina hakataliwi. Akenehe akamtangulia Joris njiani huku moyo ukimwambia kwamba wanafanya kitu kibaya, na akili ikimwambia kwamba hata hivyo asingependa kukikosa.

Bibi alikuwa kwenye mkeka, anasuka kofia. Akamtazama mgeni kuanzia viatu kwenda juu, na safari hiyo ilichukua muda.

"Mrefu," akasema. "Umechelewa, lakini mrefu."

Joris akainama kwa adabu, kisha akamnong'oneza Akenehe, je, huyu ndiye bibi yake Sina?

"Mwambie Sina ni mimi," Bibi akasema alipotafsiriwa. "Mwingine hakuna. Na kama ana kitu alichomletea Sina, akiweke hapa."

Wanawake waliokuwa wamejazana mlangoni waliangua kicheko, na tangu saa hiyo Joris akawa na jina. Watoto, vijana, hata shemasi, kila aliyekutana naye alimwita shemeji. Naye aliuliza maana yake, akaambiwa ni ndugu kwa njia ya ndoa, akazidi kuamini.

Njiani kurudi Akenehe alimwambia. Hakuzunguka, maana kuzunguka hakujui. Alimwambia kwamba mlima hapa hakuna, maporomoko hapa hakuna, na msichana yule hapa hakuna. Ametumiwa picha na mtu asiyemjua, mwenye kukaa asikokujua. Ameingizwa mjini, na ameingizwa mjini katika nchi isiyo na mji.

Joris alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwekea Akenehe mkono begani, taratibu, akamwambia anaelewa. Familia haitaki mgeni. Amesoma kuhusu mila zetu, na anajua kwamba mambo haya yanataka subira. Alitabasamu kama mtu anayezijua mila zako kukushinda wewe.

"Basi twende ukamwandikie," Akenehe akasema. "Twende sasa hivi."

Mtandao ulikuwa shuleni, chini ya ulinzi wa mwalimu Falaniko, kijana aliyependa kuombwa. Alasiri ile hakuombwa na mtu. Watu ambao hawakuwahi kuhitaji mtandao maishani walijikuta wote wana shida nao, na walipofika Joris na Akenehe chumba kilikuwa kimejaa mpaka madirishani. Joris akaketi. Akaandika kwamba amefika, yuko kisiwani kwao, yuko wapi yeye?

Jibu lilikuja kabla Falaniko hajamaliza kuwaomba watu wasiegemee betri za sola. Joris akalisoma kwa sauti, uso umemng'aa, na mwalimu akatafsiri. Sina alisema moyo wake unacheza kwa furaha. Alisema yeye naye yuko hapo hapo kisiwani, wanaliona jua moja. Ila mama amezidiwa ghafla, amempeleka hospitali kubwa upande wa pili wa mlima, na mpenzi wake amtumie kwanza fedha za dawa, kisha atashuka kumpokea.

Watu kadhaa waligeuza shingo kidogo kutazama upande wa pili wa mlima, ambako mashemeji zao walikuwa wanavua samaki.

"Muulize leo kwao wamepata samaki kiasi gani," Akenehe akasema.

Joris akamtazama.

"Muulize tu."

Asubuhi ile mitumbwi ilikuwa imerudi na jodari, na samaki wakaletwa uwanjani kwa inati, mgao wetu. Samaki hupangwa mafungu chini, na mgawaji huita nyumba moja moja na idadi ya watu wake, kuanzia mtoto aliyezaliwa jana hadi mzee asiyeinuka kitandani, na hakuna nyumba inayorukwa, hata ya mtu uliyegombana naye. Hasa ya mtu uliyegombana naye, maana ukiiruka atapata la kusema. Kichanga chochote cha kwetu kingeweza kulijibu swali lile kama kingekuwa na meno.

Joris akaandika. Jibu likaja. Sina alisema samaki wapo, alinunua jana sokoni, lakini siku hizi bei imepanda sana, na ndiyo maana anamwomba mpenzi wake afanye haraka.

Aliyeanza alikuwa Petelo. Safari hii hakukohoa, alicheka waziwazi, na chumba kizima kikamfuata. Hawakucheka uongo wa mlima, huo walikwishauzoea. Walicheka neno sokoni. Kumuuzia jirani samaki, kwetu, ni kama mama kumtoza mwanawe nauli kwa sababu alimbeba tumboni.

Joris aligeuka kutoka uso mmoja hadi mwingine akitafuta kichekesho kiko wapi. Akenehe akamweleza kwa maneno machache. Akamalizia, "Hapa hakuna mtu aliyewahi kununua samaki, Joris. Hata mmoja. Hilo huwezi kulijua kama hujawahi kukanyaga hapa."

Alivua miwani akaifuta kwa tai. Akaivaa, akakitazama kioo cha kompyuta, akaivua tena. Kicheko kilikufa polepole, kikianzia mbele kwenda nyuma, kwa sababu wa nyuma walikuwa hawauoni uso wake. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaandika swali moja la kwake mwenyewe. Falaniko alilisoma kimoyomoyo na hakulitafsiri, lakini Akenehe alikuwa karibu na Kiingereza kidogo alikijua. Joris alikuwa ameuliza: jina langu ni nani?

Sina akajibu: wewe ni mfalme wangu.

Joris akaizima mashine kwa adabu, akamshukuru mwalimu, akawaomba radhi watu waliokuwa mlangoni ili wampishe.

Akaingia chumbani kwa mwanawe Akenehe na hakutoka. Meli haikuwa ya kurudi kabla ya wiki mbili. Telehia alipeleka chakula akarudi nacho. Nje watoto walipita wakiita shemeji, shemeji, mpaka Akenehe alipotoka na ufagio akawaeleza undugu kwa njia nyingine.

Baraza likakaa tena. Safari hii hapakuhitajika utafiti, na kwa hiyo mjadala ulikuwa mkali. Tinielu alisema kijiji hakihusiki hata kidogo, hakuna wa hapa aliyeandika barua zile. Hakopo akasema ukimwazima mtu mtumbwi wako akaenda kuibia nao, walioibiwa hawatamkumbuka mwizi, watakumbuka rangi ya mtumbwi. Tinielu akauliza, sawa, sasa rangi ya mtumbwi imlipe nini? Tumpe mke?

Macho kadhaa, kwa bahati tu, yakaangukia kwa Akenehe aliyekuwa anawamiminia chai.

"Anayenitazama amalize chai yake kabla haijapoa," akasema.

Wakamaliza chai. Mke hawakuwa naye wa kutoa. Herufi hawakuweza kuzizoa, zilikwishatawanyika duniani kama mchanga kwenye upepo. Wakabaki na jambo moja lililokuwa ndani ya uwezo wao, na kwa kweli, pamoja na yote niliyoyasema juu ya wazee wetu, hawakulisitia.

Siku iliyofuata palipogawiwa samaki, mgawaji alizipitia nyumba kwa zamu, akafika kwa Akenehe, na badala ya kusema wanne akaita, "Akenehe, watano."

Uwanja ulikuwa karibu na dirisha. Akenehe alikwenda akausukuma mlango wa chumba bila kubisha.

"Umesikia? Fungu lako liko chini pale. Mimi si punda wako."

Joris alitoka na suruali yake ya suti, hajanyoa, akaenda uwanjani mbele ya watu wote. Hakuna aliyemwita shemeji. Mgawaji alimwonyesha fungu, naye akalibeba kwa mikono miwili, mbali na kifua, kwa uangalifu ule ule aliolibeba nao gauni.

Kuanzia hapo akawa anatoka kila siku. Kufaa, hakufaa. Vijana walimchukua kuvua akautia mtumbwi maji. Walimpeleka kuangua nazi, akaomba kwanza aone kamba ya usalama. Mwisho akakikuta kile chombo cha gatini cha kuinulia mizigo, na macho yakamrudia uhai. Alikikagua siku nzima, akapanda, akashuka, akagonga, akasikiliza, na jioni akamweleza Lino kwamba chombo hiki ni hatari na kisitumike tena kabisa. Lino alimshukuru kwa dhati. Kesho yake tukakitumia.

Alasiri alikuwa anakaa na Akenehe jikoni nje, akikuna nazi vibaya, na maneno yakamtoka kidogo kidogo. Alisema amefanya kazi miaka thelathini katika majengo ya watu, na kwenye lifti watu hawasalimiani, wanatazama namba. Alisema nyumbani anaishi peke yake. Alisema Sina kila asubuhi alikuwa anamuuliza kama amekula.

"Nilijua," akasema siku moja. "Si kwamba nilijua kabisa. Lakini ile picha, maji yale, niliiona mahali kwenye kalenda. Nikasema zipo sehemu nyingi zenye maji."

"Na bado ukapanda meli."

"Na bado nikapanda."

Akenehe, ambaye humuuliza kila mpita njia kama amekula, na mara nyingi kwa nia ya kumsema, aliendelea na nazi yake. Siku hizo alianza kumwona mgeni wake kwa jicho jingine na hilo lilimuudhi. Alijikuta anamwekea kichwa cha samaki. Telehia akaona, akamuuliza mama, kile kichwa si huwa chako? Mama akamjibu kwamba siku hizi kinamtesa meno.

Kijiji kikaona pia, na kijiji hakiwezi kuona kitu kikanyamaza. Bibi Sina alituma neno kwamba yeye hana kinyongo, anamwachia Akenehe.

Siku moja kabla ya meli Joris alinyoa, akavaa suti iliyokuwa imepigwa pasi na Telehia kwa nguvu za kutosha kusukuma mashua, akaja jikoni, akasimama. Alisema hakuja na maneno mengi. Alisema gauni lipo, ruhusa ya kuoa ilikwishatolewa, na baraza halikuuliza Sina ni yupi, basi Akenehe naye angefaa. Alikuwa ameandaa hata utani, maskini.

Akenehe aliweka kisu chini. Alihisi joto shingoni kama msichana, akachukia, na kama kawaida yake alipochukia maneno yalikuja yenyewe.

"Yule ulimfuata kwa sababu ni mzuri," akasema. "Mimi unanitaka kwa sababu nipo. Kuwepo si sifa, Joris. Hata nguruwe wapo."

Joris alimtazama, kisha akacheka. Tangu afike hakuwa amecheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko tulivyodhani. Akacheka mpaka akakaa chini. Akenehe naye akacheka. Lakini usiku alipolala, kama alivyomwambia bintiye baadaye sana, ilimuuma kidogo kwamba yule bwana alicheka upesi hivyo. Mtu aliyekataliwa angelisubiri hata kidogo.

Aliondoka na mashua ile ile, kati ya mapipa matupu. Hakuwa na cha kubeba kichwani, gauni alikuwa ameliacha kitandani na karatasi juu yake iliyosema: kwa kamati ya wanawake. Kamati ilikaa. Ilipofika Jumapili ya Watoto, ambapo watoto wote huvaa nyeupe, wasichana kadhaa waliingia kanisani wamevaa hariri ya Ubelgiji, na Bibi Sina, aliyedai kwamba kwa jina lile gauni ni lake, alikubali kutulizwa kwa mkono mmoja wa lesi, akaushona kwenye kofia yake.

Joris anaandika. Barua zinafika shuleni, Falaniko anampelekea Akenehe, na kwa kuwa Falaniko ndiye anayetafsiri, kisiwa kizima kinajua lifti gani ya Antwerp imekwama. Akenehe anajibu anapopata nafasi. Anapata nafasi mara nyingi.

Lakini kisa cha herufi hakikuishia hapo. Mwaka uliofuata baraza lilipokea ombi jingine la ruhusa, la bwana mmoja wa Kanada aliyetaka kuja kumwoa Bi Sina Moana. Safari hii wazee wote waliuliza kwa pamoja, Sina yupi, na kwa sauti iliyomwamsha mtoto wa jirani. Ombi likakataliwa. Na kwa kuwa ilikuwa wazi kwamba yule Sina ana wachumba wengi kuliko sisi tulivyo na vitanda, Hakopo akatoa wazo zuri: kijiji kiwe na tovuti yake yenyewe, ya kuwaonya watu. Kamati ya wanawake ikakabidhiwa maneno, mwalimu Falaniko akakabidhiwa mashine.

Falaniko akaandika jina la kijiji, nukta tk. Akaambiwa limeshachukuliwa. Akalifungua kuona ni nani: ni mtu anauza dawa ya kuotesha nywele. Akajaribu jina la kisiwa. Huko walikuwa wanacheza kamari. Akajaribu jina la kanisa, na alichokiona huko alikifunika kwa mkono, akawaomba akina mama wageuke. Akawaandikia wenye jina la kijiji barua ya heshima, akieleza kwamba kijiji ni sisi. Wakamjibu haraka na kwa furaha: jina lenu linapatikana, kwa bei nafuu.

Baada ya majuma ya hivi, mwalimu akafanya alichoweza. Akachukua anwani yenye mkia wa nchi nyingine ya visiwa, nayo ndogo, huko bahari ya mbali, iliyokuwa inagawa herufi zake kwa urahisi. Akawaita akina mama waione. Ukurasa ulikuwa mzuri, rangi ya bahari, na juu kabisa picha ya Akenehe, mwenyekiti, amekaa wima na kofia ya kanisani.

Wakasifu. Akenehe akasogea karibu na kioo, akasoma anwani mpaka mwisho, akaweka kidole kwenye zile herufi mbili.

"Hawa ni akina nani?"

Falaniko akasema yeye hawafahamu. Ni watu tu wa visiwa, kama sisi.

"Wanajua kwamba tuko hapa kwao?"

"Hawajui."

Akenehe akaitazama picha yake, na kofia, na jina la nchi ambayo hajawahi kuiona likining'inia chini yake.

"Maskini watu wa Mungu," akasema. "Kuna siku mtu atashuka huko gatini kwao, amelowa, ananiulizia mimi."